Kitambaa cha Boila la Nne

Jumatatu, 1 Julai

Maboila sita, yote nimeyakagua. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu, Elias kaacha spana juu ya tangi na kimlango cha majivu wazi. Nimechukua spana, nimefunga kimlango. La nne, valvu ya usalama inadondosha, tone moja moja, bado si tatizo. La tano lina kitambaa chekundu tangu jana, na kazi yenyewe iliisha jana hiyohiyo. Nimekifungua. La sita sawa.

Sheria ya Mzee Tluway inasema anayefunga kitambaa kwenye mpini wa boila analolitengeneza ndiye anayekifungua. Mimi naivunja karibu kila siku kwa ajili ya Elias. Nisingekifungua, Baba Naserian, mchochea moto wetu, asingewasha pale, na vyumba vinne vya hoteli vingeamka na maji ya barafu. Baba Naserian hasomi geji wala maandishi. Anaangalia kitambaa tu. Kipo, anapita na kuni zake. Hakipo, anawasha. Ndiyo maana Mzee alichagua vipande vya shuka jekundu, rangi ambayo mtu wa Endulen kama yeye anaiona hata kwenye ukungu huu wetu. Kila fundi anatembea na vipande vyake mfukoni.

Mafundi tupo watatu. Mzee ndiye mkuu. Mimi nina miaka tisa hapa. Elias ana miwili. Maboila, mafriji, chumba cha baridi cha jikoni, vyote vyetu. Wenzangu wanaamini tunavigawana sawa. Ukweli ni kwamba Elias anafanya kazi yake, kisha mimi naifanya tena.

Mwezi uliopita alisahau simu yake ndani ya friza. Iliita chini ya samaki. Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Ningekuwa mimi nimeisahau, ningeitwa ofisini.

Jumatano, 3 Julai

Kitabu cha wageni kimefunguliwa mezani mapokezi, nimekipita nikasoma. Elias, Elias, Elias. Elias aliwasha moto chumbani. Elias aliwafundisha kusema sopa, salamu ya Wamaasai kwa Kimaa. Elias ana tabasamu zuri. Kuna bibi mmoja kamchora.

Jina langu halimo. Nimefungua mpaka kurasa za mwaka jana. Halimo.

Kompresa ya chumba cha baridi ilikufa Pasaka, nikaifufua kwa mikono yangu, nyama ya wageni sitini ikapona. Hakuna aliyeandika. Nani anaandikia nyama ambayo haikuoza?

Mchana Mzee Tluway ametuita sisi wawili. Anastaafu mwisho wa Agosti. Anarudi kwenye shamba lake la ngano na mbaazi. Meneja, Mama Rehema, atachagua fundi mkuu mpya kati yetu. Elias akanigeukia, akasema, "Dada Paskalina, wewe ndiye bosi, mbona iko wazi." Akacheka. Nikacheka na mimi.

Sikufurahi. Mtu anayekuachia kitu kirahisi hivyo anajua kitamfuata chenyewe.

Jumapili, 7 Julai

Karatu, mapumziko. Nimefika kwa mama nimebeba sukari na mchele. Kwenye kabati kuna ndoo ya asali. Nimeuliza imetoka wapi. Elias.

Alipita wiki iliyopita akienda mnadani. Nilimwelekeza nyumba mara moja tu, mwaka jana, na yeye asiyekumbuka spana amekumbuka nyumba ya mama yangu. Amekaa, amekunywa chai, amemtengenezea bawaba ya mlango. Nimeukagua mlango. Skrubu moja haipo. Skrubu tatu badala ya nne, mlango unafungika, mama anaona miujiza.

"Yule kijana ana moyo," mama amesema. Na tena wakati wa kula. Na tena nikiosha vyombo.

Mimi ninayeleta mchele kila mwezi sina moyo, nina mchele.

Nimemwambia kwamba huyo mwenye moyo hawezi kumaliza kazi hata moja. Mama akasema wivu ni kidonda, mwanangu, usikikune. Nimekasirika. Nimetia skrubu ya nne, nimeikaza mpaka mbao ikalia.

Alhamisi, 11 Julai

Nimerudi kazini jana. Lango la hifadhi lilikuwa na foleni ya magari ya wageni, nimefika juu hotelini saa nane.

Leo nimepita maboila kama kawaida na nimekuta kama kawaida. La pili, bomba halijakazwa. La sita, kitambaa kimesahaulika. Nimenyoosha mkono nikifungue. Nikasimama.

Nimewaza hivi. Anayemfanya Elias aonekane fundi ni mimi. Nyuma ya kila sifa yake kuna mkono wangu na spana yangu. Miaka miwili namfagilia njia, naye anapita akipigiwa makofi. Kama siku moja nisipofagia, watu wataona anavyokanyaga.

Nimerudisha mkono mfukoni. Nimeondoka.

Sikuona aibu. Naandika kama ilivyo.

Jumamosi, 13 Julai

Jana boila la sita halikuwashwa. Wageni wa vyumba vinne walioga maji ya baridi. Nilikuwa nimejipanga kusikia kelele. Nilikaa karibu na mapokezi makusudi, najifanya natengeneza soketi.

Kilichotokea: Elias alibeba ndoo za maji ya moto kutoka jikoni, mwenyewe, safari kumi na mbili, akiimba. Kila mlango akaomba msamaha. "Kosa langu mimi, nimesahau, mimi ni mtu wa kusahau." Akawaambia utotoni alioga mtoni na ng'ombe wakimwangalia. Wale wageni walicheka. Mzee mmoja mwenye fimbo alitoka na taulo akapiga naye picha.

Kitabu cha wageni: "Elias". Mistari minane.

Nimekula ugali sikuusikia ladha.

Jumatano, 17 Julai

Elias alisafisha feni ya chumba cha baridi juzi akasahau kurudisha kifuniko chake. Niliona jana asubuhi. Niliacha. Usiku barafu ikajaa kwenye feni, ikagoma. Asubuhi hii maziwa yamechacha na kuku arobaini wametupwa.

Mpishi Hamisi alikuja moja kwa moja kwangu. Si kwa Elias. Kwangu, kwa sababu watu wote wanajua baridi ni ya Paskalina. Alinisema mbele ya wahudumu. Nilifungua mdomo nieleze, Elias akatokea na bisibisi sikioni, akasema ni yeye, kifuniko hiki hapa, kilikuwa kwenye begi lake. Hamisi akapoa mara moja. Akamwambia, wewe kijana utatuua. Akampa chapati.

Chapati! Kuku arobaini wametupwa, na yeye anakula chapati.

Nina wivu. Nimeshaandika, basi. Namwonea wivu mtu mzembe. Naona wivu kwa jinsi kosa linavyomteleza. Mimi nikikosea kidogo linanata mpaka mwaka unaisha, kwa hiyo sikosei, na kwa kuwa sikosei hakuna anayenitazama.

Jumatatu, 22 Julai

Mhudumu wa ofisini kanidokeza. Mama Rehema anamfikiria Elias. Anasema mkuu wa mafundi wa sasa anatakiwa kuongea na wageni, si kujificha nyuma ya maboila. Kujificha!

Jioni nimewakuta Elias na Baba Naserian wamekaa juu ya rundo la kuni wanaongea Kimaa na kucheka. Walipoona nakuja wakanyamaza, kisha wakanisalimia vizuri. Labda walikuwa wanaongea habari za ng'ombe. Mimi nimesikia wananicheka mimi. Nimeitikia kwa kichwa nikapita.

Baba Naserian ni mtu mzuri. Miaka sita namjua. Kila asubuhi ananiachia chai kwenye kopo la bati kando ya boila la kwanza, imefunikwa na sahani ili majivu yasiingie. Leo sikuinywa.

Jumanne, 23 Julai

Mzee Tluway amesema Mama Rehema anaamua Ijumaa. Nimemuuliza yeye angemchagua nani. Akasema hakuulizwa. Kisha akasema, "Fundi mkuu si yule anayejua sana. Ni yule ambaye ukikosea humkimbii, unamwendea." Sijui alimsema nani. Nimekaa na hilo neno siku nzima kama punje ya mchanga kwenye kiatu.

Alhamisi, 25 Julai

Boila la nne limepasuka. Baba Naserian ameungua. Wamempeleka hospitali.

Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 26 Julai

Naandika yote, kwa mpangilio. Nisipoandika leo nitaanza kuyapunguza.

Jana saa tisa na dakika kumi alasiri nilipita boila la nne. Ile valvu ya usalama haidondoshi tena. Nikasogea. Elias ameziba mdomo wa valvu kwa bolti, amezungushia tepu nyeupe ya mabomba, kazi safi kabisa. Maji yalikuwa yakilowesha kuni, akayakomesha. Yaani kaziba pale pekee ambapo mvuke unaweza kutokea presha ikizidi. Mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anajua hapazibwi.

Na hakufunga kitambaa.

Nilijua maana yake palepale. Baba Naserian angekuja saa kumi, angeona hakuna kitambaa, angewasha.

Kitambaa nilikuwa nacho. Vipande viwili, mfuko wa kulia wa ovaroli.

Nilitoa simu. Nilipiga picha. Bolti ionekane, mpini wa mlango usio na kitambaa uonekane, namba ya boila ionekane. Nilipiga tatu nikachagua iliyo nzuri. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, Mungu anisamehe. Kesho ilikuwa Ijumaa ya uamuzi, na mimi nina picha.

Nilijiambia nikifunga kitambaa sasa hivi, Mama Rehema akija atakuta kitambaa, Elias atasema alikifunga yeye. Acha aone kama ilivyo. Nitamleta dakika kumi hizi.

Mama Rehema alikuwa na kikao na watu wa kampuni ya safari. Nilikaa kwenye benchi mlangoni. Saa tisa na nusu. Saa kumi kasoro. Katibu akasema wanamaliza. Saa kumi. Kutoka kwenye lile benchi unaona mabomba ya moshi yote sita juu ya paa la nyasi. La kwanza likatoa moshi. La pili. La tatu. Nilikuwa nahesabu. La nne likatoa moshi, mweupe kwanza, kisha wa bluu.

Nikasema bado kuna muda, tangi ni kubwa, linachukua saa nzima kupata moto. Nikaendelea kukaa. Dakika nyingine tano, nikasema. Nikasema tena.

Ningeweza kukimbia. Ni hatua mia mbili, nimeshazipima leo.

Saa kumi na moja kasoro robo kishindo kikasikika. Si mlipuko wa sinema, ni kama mtu kaangusha mabati kutoka juu ya lori. Kisha mluzi wa mvuke. Kiungo cha bomba la juu kilikuwa kimeachia, na Baba Naserian alikuwa amesimama upande ule akiongeza kuni.

Nilipofika Elias alikuwa ameshafika. Alikuwa anavuta kuni zinazowaka kutoka ndani ya boila kwa mikono mitupu, ovaroli limelowa. Baba Naserian amekaa chini kwenye matope, mkono wa kushoto na shingo, ngozi imebadilika. Halii. Anaangalia mlango wa boila. Alikuwa anatafuta kitambaa. Alikuwa anaangalia mpini, anaangalia chini, kwamba labda kimedondoka.

Jumamosi, 27 Julai

Elias amekiri yote. Hakuulizwa mara mbili. "Niliziba mimi kwa bolti, nilitaka nirudi na valvu mpya, gari la vipuri likachelewa langoni, nikaenda kusaidia mgeni na koti lake, nikasahau. Kitambaa nilisahau." Mikono yake imefungwa bandeji zote mbili. Alilia mbele ya watu wote. Hakuficha uso.

Amesimamishwa kazi mpaka meneja aamue. Alishuka na gari la mboga.

Aliniaga. Akaniambia, "Dada, nimekuangusha." Mimi.

Picha ipo kwenye simu. Kila nikiifungua inaonyesha saa juu yake. Saa tisa na dakika kumi na mbili.

Jumatatu, 29 Julai

Mama Rehema ameniita. Mimi ndiye fundi mkuu kuanzia Septemba. Amenishika mkono. Amesema miaka tisa bila kosa hata moja, na kwamba alikuwa hajaniona vizuri, anaomba radhi.

Nimeyasubiri maneno hayo miaka tisa. Nilikuwa hata nimeshajua nitajibu nini. Nimesema asante nikaomba kwenda choo.

Nimempigia mama. Amepiga kigelegele kwenye simu. Kisha akauliza, na yule Elias je, mikono yake? Nikamwambia inapona. Akasema atampelekea maziwa ya mgando. Safari hii sikuona wivu. Niliona kitu kingine, kibaya zaidi, sina jina lake.

Picha sasa haina kazi yoyote. Elias amekiri, haimdhuru tena. Nikiifuta hakuna atakayejua. Nimeweka kidole kwenye alama ya kufuta mara mbili leo.

Jumatano, 31 Julai

Sijaifuta.

Chai kando ya boila la kwanza hakuna. Kopo lipo, limelala chali, majivu ndani.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimekwenda Endulen. Nimepanda gari la hospitali lililoleta mgonjwa lango kuu. Barabara mbovu, punda, vumbi. Baba Naserian yuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mkono umefungwa mpaka begani. Daktari anasema utafanya kazi, ila vidole viwili havitakunja vizuri. Mke wake alikuwa amekaa chini na chupa ya uji. Akanipisha kwenye kiti. Akanishukuru kwa kuja.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yamepotea. Nikatoa simu, nikamwonyesha.

Hasomi, ila picha anaijua. Aliona bolti. Aliona mlango wa kuni. Nikamwambia ni siku ileile, kabla hajawasha. Nikamwambia niliipiga mimi, nikaenda kukaa kwenye benchi la ofisini, nikaona moshi wake. Nikamwambia sababu. Sikupunguza. Kwamba nilimwonea Elias wivu, kwamba nilitaka cheo.

Mke wake aliuliza kitu kwa Kimaa. Yeye aliikuza ile picha kwa kidole cha mkono mzima, kama alivyoona wengine wanavyofanya, akatazama ule mpini.

Akaniuliza, "Kitambaa ulikuwa nacho?"

Nikasema nilikuwa nacho. Mfukoni.

Akanirudishia simu. Akageukia dirishani. Sikufukuzwa. Nilikaa pale mpaka gari likapiga honi.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimempelekea Mama Rehema picha. Nimemweleza kama nilivyomweleza Baba Naserian. Alivua miwani. Aliuliza kwa nini namwambia wakati hakuna aliyejua. Nikasema Baba Naserian anajua.

Mzee Tluway alikuwepo. Hakunitazama. Alisema tu kwamba siku aliyoanzisha kitambaa, yeye alifikiria mafundi wasahaulifu. Hakufikiria fundi anayekumbuka.

Cheo kimeondoka. Nimepewa barua ya onyo la mwisho. Atatafutwa mkuu mwingine kutoka Arusha. Gharama za hospitali anabeba mwajiri. Elias atarudi Septemba, naye ana onyo lake.

Usingizi umekuja mapema. Si kwa kuwa mimi ni msafi. Nimechoka tu.

Jumapili, 11 Agosti

Karatu. Nimekwenda kwa Elias, anapanga chumba nyuma ya soko. Bandeji zimetoka, ngozi mpya ya waridi viganjani. Alikuwa anakoroga uji kwa kijiko alichokishika kama kalamu. Nimekataa kukaa. Nimesimama mlangoni nikasema yote, ya picha na ya kabla ya picha. Vitambaa nilivyofungua, mabomba niliyokaza, spana. Miaka miwili, karibu kila siku. Na jinsi nilivyoacha Julai makusudi.

Nilitegemea anitukane. Ningepumzika.

Alizima jiko. Akasema, "Miaka miwili? Mimi nilidhani nimeacha kusahau."

Alikuwa hanitanii. Kule alikofanya kazi mwanzo alifukuzwa kwa kusahau. Alipokuja kwetu akaona siku zinapita, maboila yanawaka, hakuna anayelalamika. Akajiamini. Alimwambia hata mama yake kwamba amepona. Julai ilipoharibika alidhani ni uchovu.

"Ungeniambia tu, dada," akasema. "Mara moja."

Nimerudi kwa mama kwa miguu. Sikumwambia Elias ile mara moja. Kwa miaka miwili sikumwambia hata mara moja. Kumwambia kungemfanya awe fundi mzuri, na mimi sikumtaka awe fundi mzuri. Nilitaka kuwa mimi peke yangu ninayejua kwamba si mzuri.

Mlango wa mama unafungika sawasawa. Skrubu nne.

Jumatatu, 2 Septemba

Mzee Tluway ameondoka Ijumaa. Tulimfanyia chai na mandazi. Alimpa kila mtu mkono, na mimi pia.

Mkuu mpya amefika, kijana wa Arusha, ana daftari la kila boila na anataka tusaini. Sawa. Elias amerudi. Amejichorea kwa kalamu kwenye kiganja: FENI, SPANA, KITAMBAA. Jasho linafuta, anaandika tena. Saa tisa nimemkuta kaacha kimlango cha majivu wazi, boila la tatu. Nimemwita kwa sauti kutoka njiani. Amekuja mbio, amefunga, amesema asante. Imechukua nusu dakika.

Jumatano, 18 Septemba

Baba Naserian amerudi kazini leo. Anabeba kuni kwa mkono wa kulia, kushoto anasaidia kwa kiwiko. Wahudumu walitoka kumpokea. Elias alimkumbatia, wakaongea Kimaa, wakacheka kidogo. Mimi nilisalimia kwa mbali. Aliitikia.

Saa kumi alianza kuwasha. Siku hizi maboila matatu ni ya Elias, matatu ni yangu, la kwanza, la pili na la nne. Kwenye ya Elias alipita, akaangalia mpini, hakuna kitambaa, akainama akachungulia valvu ya usalama kwa macho yake, akawasha. Kwenye la kwanza alisimama. Akaweka kuni chini. Akanifuata mpaka karakana, akauliza kwa mdomo kama awashe. Nikasema washa. La pili, tena, akarudi karakana. La nne, tena.

Nikamuuliza mbona Elias hamuulizi.

"Elias anasahau," akasema. "Hiyo naijua, nachungulia mwenyewe. Wewe si mtu wa kusahau."

Hakusema kwa hasira. Akachukua kuni zake.

Ijumaa, 20 Septemba

Ukungu mpaka saa nne. Chumba cha baridi, nyuzi mbili, sawa. Feni ina kifuniko. Boila la nne lina kiungo kipya na valvu mpya, haidondoshi. Nimesaini daftari.

Asubuhi nimetengeneza chai mwenyewe. Nimeweka kopo moja kando ya boila la kwanza, nimelifunika kwa sahani, nimeondoka kabla hajaja. Mchana nimekuta kopo limeoshwa na kuinamishwa. Sijui alikunywa au alimwaga.

Saa kumi amekuja kuuliza. Mara tatu. Nimejibu mara tatu.